Usiache mbachao: Somo kwa wazazi kutoka siku simu mpya zilipogoma

Ilikuwa Ijumaa, Julai 11, 2008. Katika miji mingi ya Marekani watu walikuwa wamejipanga nje ya maduka tangu usiku, wengine wamekalia viti vya kukunja, wengine wamejifunika mablanketi. Walikuwa wanasubiri milango ifunguliwe saa 2 asubuhi ili wanunue iPhone 3G, simu mpya ya kampuni ya Apple iliyosubiriwa kwa hamu.

Milango ilifunguliwa. Wa kwanza wakaingia, wakalipa, wakakabidhiwa simu. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda sawa.

Tatizo likaja kwenye hatua ya mwisho. Ili simu ianze kupiga na kupokea, ilibidi kwanza iunganishwe na kompyuta ya dukani, ijitambulishe kwa kompyuta kubwa za Apple, yaani seva, kisha isubiri ruhusa ya kuanza kutumika. Siku hiyo ruhusa haikuja. Skrini zilibaki zinasubiri. Wahudumu walijaribu tena na tena, na foleni ya nje ikasimama palepale.

Baadaye wahudumu wa maduka mengi waliwaambia wateja waende nyumbani na simu zao, wakamalizie wenyewe kwenye kompyuta zao. Mtu aliyekesha nje ya duka akarudi kwake na kitu kizuri mkononi kisichoweza kumpigia hata mkewe.

Miaka mingi imepita na simu hiyo leo ni ya kizamani. Lakini kilichotokea siku ile kinajirudia kila mara katika maisha ya familia zetu: siku matokeo ya mitihani yanapotangazwa na tovuti haifunguki, mwisho wa mwezi pesa ya ada inapokwama njiani, au dirishani hospitalini mhudumu anapomwambia mzazi mwenye mtoto mgonjwa, “Subiri kidogo, mfumo unasumbua.”

Mzazi akielewa kwa nini mifumo huelemewa, atajua la kufanya inapoelemewa, na muhimu zaidi, atajua la kufanya kabla.

Mlango mmoja, mizigo minne

Wiki hiyo Apple haikuzindua kitu kimoja. Ilizindua vinne kwa pamoja.

Cha kwanza ni simu yenyewe. Cha pili ni programu mpya ya uendeshaji, toleo la 2.0, kwa ajili ya watu waliokuwa na iPhone ya mwaka uliotangulia. Cha tatu ni duka la programu za simu, App Store, lililokuwa jipya kabisa. Cha nne ni huduma iliyoitwa MobileMe, ya kutunza barua pepe, kalenda na namba za simu za mteja kwenye seva za kampuni, kwa malipo ya dola 99 kwa mwaka.

Tena uzinduzi haukuwa wa nchi moja. Simu iliingia sokoni katika nchi 21 wikiendi hiyohiyo. Ilianzia New Zealand, Japan na Australia kunakokucha mapema, ikafuata Ulaya, kisha Marekani. Ilipofika saa 2 asubuhi New York, Dar es Salaam ilikuwa saa 9 alasiri, na Ulaya walikuwa bado katikati ya siku ya kazi. Kila duka jipya lililofunguliwa liliongeza watu kwenye foleni ambayo tayari ilikuwa imejaa.

Kuna badiliko jingine lililochangia. Mwaka 2007, iPhone ya kwanza ilipotoka, mteja alinunua simu na kwenda kuiwezesha nyumbani kwa wakati wake. Mwaka 2008 utaratibu ulibadilishwa: simu ilipaswa kuwezeshwa palepale dukani, mteja akiwa amesaini mkataba wa miaka miwili na kampuni ya simu. Mwaka uliotangulia watu wengi walikuwa wamenunua simu na kuzifungua ili zitumike na laini za kampuni nyingine, jambo ambalo wenye biashara hawakulitaka.

Utaratibu mpya ulikuwa na mantiki ya kibiashara. Lakini uliwabana wanunuzi wote kupita katika mlango mmoja, kwa saa zilezile. Kwa siku tatu za kwanza Apple ilitangaza kuuza simu milioni moja. Mlango huo haukuwa umejengwa kwa msukumano wa namna hiyo.

Walioumia bila kupanga foleni

Wapo waliopata shida bila hata kutoka nyumbani, na kisa chao ndicho kinachomhusu mzazi zaidi.

Hawa ni watu waliokuwa na iPhone ya zamani, nzima, inayofanya kazi. Waliposikia toleo la 2.0 limetoka, wakaunganisha simu zao na kompyuta na kubonyeza kitufe cha kusasisha. Programu ikaingia vizuri. Lakini mwisho wa kazi hiyo simu ilihesabika kama mpya, nayo ikahitaji ruhusa kutoka seva zilezile zilizokuwa zimeelemewa.

Ruhusa haikuja. Simu iliyokuwa ikifanya kazi asubuhi ikajifunga. Mwenye nayo hakuweza kupiga wala kupokea simu za kawaida. Kilichobaki ni namba za dharura tu.

Chukua mfano wa mama aliye kazini, aliyemwacha mtoto wa miaka miwili nyumbani na dada wa kazi. Mtoto ameamka na joto kidogo. Mama ameagiza apigiwe kila baada ya saa moja. Saa 5 asubuhi anaona ujumbe wa kusasisha simu, anabonyeza, na simu inajifunga. Namba ya dharura ingemfikisha kwa polisi au gari la wagonjwa, lakini isingemfikisha kwa dada, kwa jirani wala kwa bibi wa mtoto. Na kama namba zote hizo ziko ndani ya simu tu, hata akiazima simu ya mwenzake hajui apige wapi.

Baada ya saa kadhaa hali ilianza kutengemaa na simu zikafunguka. Kwa mtu mzima asiye na haraka, saa kadhaa ni kero. Kwa mzazi mwenye mgonjwa, ni muda mrefu mno.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Waliofanya hivyo asubuhi ile waliielewa maana yake kabla ya jua kuzama.

Kliniki ya watoto na hesabu ya foleni

Kwa nini seva inaelemewa? Jibu linaeleweka kirahisi kwa mzazi yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki.

Tuseme muuguzi anatumia dakika mbili kumpima mtoto mmoja uzito na kujaza kadi. Kwa saa moja anapima watoto 30. Kwa saa nne, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, anapima watoto 120.

Kama watoto hao 120 watakuja wakiwa wamegawanyika vizuri, 30 kila saa, hakuna atakayesubiri sana. Lakini kama mama wote 120 watafika saa 2 kamili, mama wa mwisho atasubiri karibu saa nne. Muuguzi ni yuleyule, mizani ni ileile, na idadi ya watoto haijabadilika. Kilichobadilika ni saa ya kufika.

Sasa ongeza jambo moja. Mama 100 kati yao wanachoka, na kila mmoja anasogea mezani mara moja kuuliza, “Zamu yangu bado?” Kila swali linachukua nusu dakika ya muuguzi. Zimepotea dakika 50. Ni dakika za kuwapima watoto 25, zimetumika kujibu maswali.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwenye seva. Mtu anapoona ukurasa haufunguki, anabonyeza tena. Kila mbonyezo ni swali jipya ambalo seva inapaswa kulipokea na kulishughulikia. Watu milioni moja wakibonyeza mara tano kila mmoja, seva inaona maombi milioni tano. Kadiri inavyochelewa ndivyo watu wanavyobonyeza zaidi, na kadiri wanavyobonyeza ndivyo inavyochelewa.

Elimu hii haikuanza na simu janja. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen nchini Denmark, alichapisha kazi yake kuhusu namna simu zinavyoingia kwa kubahatisha. Wataalamu wa mitambo ya simu na kompyuta duniani kote bado wanatumia msingi huo.

Moja ya mambo ambayo hesabu za foleni zinaonyesha ni kwamba muda wa kusubiri hauongezeki pole pole mpaka mwisho. Mfumo unaotumika nusu ya uwezo wake huwa mwepesi. Ukikaribia kujaa, ongezeko dogo tu la watu linarefusha foleni kwa kasi kubwa. Ndiyo maana tovuti inaweza kuwa nzuri saa 3 kasorobo na isifunguke kabisa saa 3 na dakika tano.

Kwa nini wasinunue seva nyingi zaidi?

Hili ni swali la haki, na jibu lake liko kwenye sherehe zetu.

Familia inayoandaa harusi ya watu 300 hainunui viti 300. Inakodi viti na turubai, wageni wakiondoka vinarudishwa. Kununua viti vya kukaa stoo mwaka mzima kwa ajili ya siku moja ni hasara.

Kampuni nazo hufikiri hivyo. Seva za kutosha siku ya uzinduzi zingekaa bila kazi siku nyingine zote. Siku hizi zipo kampuni zinazokodisha seva kwa saa, kama wakodishaji wa viti. Amazon ilianza kutoa huduma ya aina hiyo mwaka 2006.

Hata hivyo viti vingi havisaidii kama wageni wote wanasainishwa kitabu kimoja mlangoni. Lazima pia kuwe na vitabu vingi, au wageni waelekezwe kufika kwa zamu. Mara nyingi kinachokwama si mfumo mzima bali hatua moja ndogo ambayo kila mtu analazimika kuipitia.

Kosa lilijirudia

Juni 15, 2010, Apple na kampuni ya simu ya AT&T zilianza kupokea oda za iPhone 4. Safari hii watu hawakulala nje ya maduka siku hiyo, bali waliingia kwenye tovuti. Matokeo hayakuwa tofauti sana.

AT&T ilieleza kwamba ukurasa wake wa kuangalia kama mteja anastahili simu mpya ulitembelewa zaidi ya mara milioni 13 kwa siku hiyo, karibu mara tatu ya rekodi yake ya awali. Zikigawanywa sawasawa kwa saa 24, ni maombi 150 kila sekunde. Na hakuna siku ambayo watu hugawanyika sawasawa.

Oda zaidi ya 600,000 zilipokelewa. Apple yenyewe ilikiri kwamba wateja wengi walirudishwa au walikata tamaa, ikaomba radhi. AT&T ikasitisha kwa muda kupokea oda.

Siku hiyo pia baadhi ya wateja walitoa taarifa kwamba walipoingia kwenye akaunti zao, waliona taarifa za mtu mwingine. Mfumo uliobanwa ukachanganya watu, kama kadi za kliniki zinavyoweza kuchanganyika mezani msongamano ukizidi. Hapo madhara yanakuwa zaidi ya kuchelewa, kwa kuwa anwani na bili ya mtu vimeonekana na asiyehusika.

Septemba 12, 2014, oda za iPhone 6 zilipofunguliwa, duka la mtandaoni la Apple lilichelewa tena kufunguka kwa wateja wengi. Ndani ya saa 24 zilipokelewa oda zaidi ya milioni nne. Kampuni tajiri, yenye wataalamu, iliyojua tarehe na saa ya wimbi, bado ililowa.

Wimbi hilo lilipofika kwenye afya

Mfano mzito zaidi hauhusu simu kabisa. Oktoba 1, 2013, serikali ya Marekani ilizindua tovuti ya HealthCare.gov, ili wananchi wasio na bima ya afya wachague na kujiunga.

Katika saa 24 za kwanza tovuti ilipata watembeleaji milioni 4.7. Wahusika walikuwa wametarajia watu kati ya 50,000 na 60,000 kuwamo kwa wakati mmoja, lakini walifika 250,000. Mfumo ulikuwa na kasoro nyingine nyingi za kiufundi, na wimbi hilo likazianika zote.

Nyaraka za serikali zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba watu waliofanikiwa kujiunga siku ya kwanza walikuwa sita.

Hapa pia kulikuwa na mlango mmoja. Mtu hakuweza kuangalia bei za bima mpaka kwanza afungue akaunti, na hatua hiyo ya kufungua akaunti ndiyo iliyokwama. Aliyetaka kutazama tu na aliyetaka kujiunga wote walisukumwa katika tundu lilelile.

Marekebisho yalichukua wiki nyingi. Moja ya mambo yaliyoongezwa ni chumba cha kusubiria cha mtandaoni: watu wakizidi, anayefika anaambiwa asubiri au arudi muda fulani, badala ya kuachwa akibonyeza gizani. Ni sawa na kumpa mama namba ya kadi pale kliniki akakaa kwenye benchi.

Kusubiri kunavyouchosha mwili na akili

Kwa nini dakika kumi mbele ya skrini iliyoganda zinaumiza kuliko dakika kumi za kungoja ugali uive?

David Maister, aliyeandika kuhusu saikolojia ya foleni mwaka 1985, alieleza kwamba kusubiri bila kujua utasubiri mpaka lini huonekana kurefu kuliko kusubiri kunakojulikana mwisho wake. Kusubiri bila kuelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kusubiri kulikoelezwa. Wasiwasi huongeza urefu huo, na hali kadhalika hisia kwamba mwingine amepitishwa mbele yako.

Mzazi anayesubiri malipo yapite ili mtoto aonwe na daktari ana vyote hivyo kwa pamoja. Hajui mwisho, haelezwi sababu, ana wasiwasi, na anamwona mwingine anaingia. Moyo kwenda mbio, kichwa kuuma na sauti kupanda si ajabu.

Kulijua hilo kunasaidia kwa njia mbili. Kwanza, mzazi anaweza kuuliza swali sahihi: si “Kwa nini mnatuchelewesha?” bali “Kuna utaratibu gani wa kuhudumia wagonjwa mfumo ukiwa haufanyi kazi?” Pili, atakumbuka kwamba mhudumu wa dirishani hana uwezo wa kuifungua seva, kama ambavyo wahudumu wa maduka yale ya 2008 hawakuwa nao.

Watoto nao wanatazama. Mtoto anayemwona baba akipigapiga skrini na kutukana mtandao anajifunza namna ya kukabiliana na kuchelewa. Anayeambiwa, “Watu ni wengi, tusubiri dakika kumi, tule kwanza,” naye anajifunza.

Dalili ambazo hazisubiri simu

Jambo moja lisichanganywe na mengine. Zipo hali ambazo mzazi hapaswi kusubiri simu ifunguke, ujumbe urudi wala malipo yapite.

Mtoto aliyepata degedege, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, au aliyelegea kupita kawaida na haamki vizuri, apelekwe kituo cha afya mara moja. Hizi ni dalili za hatari zinazofundishwa kwa wahudumu wa afya katika kuwaangalia watoto chini ya miaka mitano. Ukifika, iseme dalili hiyo kwanza, kabla ya kueleza habari ya malipo au mtandao.

Hatua za kuchukua nyumbani

Mengi ya yafuatayo hayagharimu chochote, na yote yanafanyika kabla tatizo halijatokea.

Usifute simu ya zamani siku unayopata mpya. Iache na chaji, na kama inawezekana na laini inayofanya kazi, mpaka uhakikishe simu mpya inapiga, inapokea, inatuma pesa na ina namba zote. Siku mbili au tatu zinatosha.

Usisasishe simu siku ya kwanza toleo linapotoka, wala wakati unaitegemea. Kama kuna mgonjwa nyumbani, mama mjamzito anayekaribia kujifungua, au mtoto yuko safarini kutoka shule ya bweni, ujumbe wa kusasisha unaweza kusubiri. Chagua siku tulivu, ukiwa karibu na mtu mwenye simu nyingine.

Andika namba muhimu kwenye karatasi. Namba ya mwenza, jirani, dada wa kazi, kituo cha afya, dereva wa bodaboda au bajaji unayemwamini na mwalimu wa darasa. Nakala moja ibandikwe nyuma ya mlango, nyingine ikae ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto. Hakikisha anayebaki na mtoto anajua ilipo.

Tunza kadi yenyewe. Picha ya kadi ya chanjo kwenye simu ni msaada, lakini si mbadala. Wateja wa MobileMe waliamini kwamba barua pepe zao ziko salama kwenye seva. Huduma ilianza vibaya, na katika Julai hiyohiyo ya 2008 takriban asilimia moja ya wateja walikosa barua pepe zao kwa siku kadhaa, na baadhi ya barua zikapotea kabisa.

Ukilipa, bonyeza mara moja. Kama jibu halijarudi, angalia salio na ujumbe kabla ya kurudia. Mfumo uliochelewa unaweza kuwa umepokea ombi la kwanza, na la pili likakata pesa tena.

Ongeza muda wa kusubiri kila unaporudia. Subiri dakika tano, kisha kumi, kisha ishirini. Kompyuta zenyewe zimefundishwa kufanya hivyo, kuongeza muda kila zikigonga mlango bila kufunguliwa, ili zisisongamane zote kwa pamoja. Na kama jambo si la haraka, rudi usiku sana au alfajiri.

Wahi kabla ya siku ya mwisho. Maombi ya shule, usajili na malipo yenye tarehe ya mwisho hukusanya watu wote kwenye saa za mwishomwisho. Anayefanya wiki moja kabla hukuta mlango uko wazi.

Jihadhari na wanaojitolea kusaidia. Mfumo unapogoma ndipo matapeli hupiga simu wakidai wanaweza kukupitisha haraka wakipewa namba ya siri. Seva iliyoelemewa haifunguki kwa namba yako ya siri. Usimpe mtu.

Kukiri kosa

Agosti 2008, Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple, aliwaandikia wafanyakazi wake kuhusu MobileMe. Katika ujumbe huo, uliovuja kwenye vyombo vya habari, alikiri kwamba lilikuwa kosa kuizindua huduma hiyo wakati mmoja na simu mpya, programu mpya na duka la programu. Alisema kila mtu alikuwa na kazi za kutosha, na huduma hiyo ingeweza kusogezwa mbele bila madhara. Wateja walikuwa wameongezewa siku 30 za matumizi bila malipo, na baadaye mwezi huo wakaongezewa nyingine 60.

Kukiri huko kunaweza kuwafaa hata wazazi. Nyumbani nako huwa tunapanga mambo manne kwa siku moja: kuhama nyumba, kuanza kazi mpya, kumwanzisha mtoto shule na kubadilisha laini. Moja likikwama linayashika mengine shati.

Kwa hiyo kama kuna simu mpya inayokuja mwisho wa mwezi huu, ipokee kwa furaha. Ile ya zamani iweke mezani, ikiwa imewaka, na usiku huo mwombe mtoto mkubwa aandike namba kumi za familia kwenye daftari. Ni kazi ya dakika chache, na siku mtandao utakapogoma mtajua pa kuanzia.